Kiti kimechoka, gari lina vituko: dalili na sababu zake kwa gari kuukuu hapa Lubumbashi

Kabla hujauliza bei ya kiti kingine, fungua mlango wa dereva, piga magoti, umulike tochi chini ya kiti ulicho nacho. Hapa Lubumbashi utakutana kwanza na vumbi jekundu, kisha vitu vilivyopotea: kalamu, mfuniko wa soda, noti ya franka mia tano iliyokunjamana. Nyuma ya takataka hizo ziko reli mbili, boliti, springi na nyaya, na mara nyingi plagi moja ya rangi ya njano.

Mimi nilichelewa kupiga magoti. Gari langu dogo la Kijapani la 2003, volani kulia, lilinisumbua karibu mwaka mzima kwa vituko vitano nilivyodhani havijuani: mgongo uliniuma, kitu kiligonga tak-tak kwenye kila shimo, taa ya mfuko wa hewa (airbag) iliwaka ilipotaka, mkanda haukurudi mahali pake, na ndani kulinuka kama nguo zilizoanikwa zikanyeshewa. Vinne kati ya hivyo vilipatikana kwenye kiti kimoja na mkanda wake. Cha tano kilikuwa mbele yake kidogo, kwenye kapeti.

Mgongo unauma, au unakaa umeinamia mlango

Kwenye gari la volani kulia dereva huingia na kutoka kwa kuteleza juu ya ubavu wa kulia wa kiti. Kama gari liliwahi kuwa teksi, hesabu mwenyewe ni mara ngapi kwa siku. Ubavu huo hufa kwanza. Sponji yake ikishabonyea, nyonga ya kulia hushuka, uti wa mgongo hujipinda kuitafuta volani, na ukifika Likasi unashuka umejishika kiuno.

Pima hivi. Weka ubao ulionyooka juu ya kikalio, yaani sehemu ya kiti unayoikalia, kutoka ubavu hadi ubavu, usimame nyuma ya gari utazame kama umelala upande. Kisha kandamiza kikalio kwa ngumi katikati na pembeni. Ukihisi waya chini ya ngumi, sponji imekwisha. Ukisikia kikalio chote kinazama kama machela huku sponji yenyewe bado ngumu, tatizo ni springi: waya umekatika au ndoano imechomoka kwenye fremu. Hilo la pili ni kazi ya nusu saa na halihitaji kununua chochote zaidi ya waya mgumu, lakini watu wengi hununua kiti kizima kwa sababu hawakuinama.

Kwa sponji, usidanganyike na kipande cha godoro la bei nafuu. Siku ya kwanza kitakubembeleza, baada ya miezi michache kimekuwa chapati. Chagua sponji iliyo nzito mkononi na inayorudi haraka ukiikamua. Mvue kiti nguo yake: kitambaa kimeshikwa na pete ndogo za waya kwenye fito za chuma, nazo hufunguka kwa koleo. Kata sehemu iliyokufa tu, chonga kipande kipya kikubwa kidogo kuliko tundu, bandika kwa kola (gundi) ya fundi viatu. Kabla ya kurudisha, laza kipande cha turubai au kitambaa kigumu kati ya springi na sponji. Bila hicho, springi itaikata sponji mpya kama kisu kinavyokata sabuni. Pete za waya zilizopotea waweza kuziba nafasi yake kwa vibano vya plastiki, vile vya kufungia nyaya.

Jambo moja la kumwambia fundi viti kabla hajashika sindano. Tazama ubavu wa mgongo wa kiti, upande wa mlango. Kukiwa na kitambulisho kidogo kilichoandikwa SRS AIRBAG, ndani mna mfuko wa hewa, na mshono wa hapo umetengenezwa makusudi upasuke. Akiushona upya kwa uzi mnene wa nailoni, au ukivalisha kiti koti la ngozi bandia linalofunika ubavu wote, mfuko utashindwa kutokea pale unapotakiwa. Wengi wa mafundi wetu ni hodari kwa mkono, ila hakuna aliyewaeleza habari hii.

Kiti kinacheza, kinagonga, au kinateleza ukifunga breki

Hapa usifanye mzaha. Kaa, rekebisha kiti, achia mkono wa kusogezea, kisha jisukume mbele na nyuma kwa nguvu ya mwili bila kugusa chochote. Kikisogea hata kidogo, usiendeshe mpaka umejua kwa nini.

Sababu ya kawaida kabisa ni boliti zilizolegea. Viti vingi vya mbele vimeshikwa na boliti nne, na kwenye Toyota ndogo kichwa chake ni cha soketi ya 14. Mtu aliwahi kung'oa kiti ili aoshe kapeti, akazirudisha kwa mkono, akasahau. Zikaze zote na ujaribu tena. Kama mojawapo inazunguka bila kukaza, hesi, ile mizunguko inayoshika boliti, zimeliwa. Hiyo irekebishwe kwa kuchonga hesi upya, wala usiibadilishe kwa boliti yoyote iliyookotwa kwenye kopo. Boliti ya kiti hubeba mwili wako siku ya ajali. Ile laini ya kufungia geti itakatika.

Boliti zikiwa ngumu na kiti bado kinacheza, shuku reli. Kila upande una meno yake na kishikio chake, na vyote viwili vinapaswa kuingia pamoja. Kiti kikiwahi kurudishwa huku reli moja imetangulia jino moja, kitakaa mshazari, upande mmoja utashika na mwingine utaelea. Dalili yake ni hii: kusogeza ni kugumu sana, na ukiachia mkono unasikia mlio mmoja badala ya miwili. Legeza boliti, sogeza kiti chote nyuma hadi mwisho ili reli zilingane, kisha kaza upya.

Halafu kuna vumbi. Kuanzia Mei hadi Oktoba, mvua ikiwa haipo, vumbi la barabara za Annexe na Ruashi huingia kila tundu. Mtu anaona reli ni ngumu, anaipaka grisi ya bearingi kwa ukarimu. Wiki mbili baadaye grisi na vumbi vimekuwa tope la kusagia chuma. Piga brashi kavu, vuta vumbi, futa kwa kitambaa chenye mafuta ya taa kidogo, kisha weka kilainishi kikavu au silikoni, tone tu. Tafuta pia sarafu na karanga zilizobanwa kwenye meno. Ndiyo, karanga. Mimi nilitoa tatu.

Mgongo wa kiti ukiyumba peke yake huku kikalio kimetulia, ni ekseli yake ya chini au gia ya kulaza iliyochakaa. Ukiona ufa kwenye chuma kilichochomelewa, hapo sitakushauri uchomelee tena. Tafuta fremu nyingine.

Nimenunua kiti kingine, hakikai

Nchi yetu huendesha upande wa kulia, lakini magari madogo mengi unayoyaona mjini yana volani kulia, kwa sababu yametoka Japani yakapitia bandari ya Dar es Salaam, yakavuka Tunduma na Zambia, yakaingilia Kasumbalesa. Mengine ya volani kushoto yametoka Ulaya au Dubai. Yote huishia kwenye yadi zilezile za piesi (vipuri), na hapo ndipo mtego ulipo.

Ukienda ukasema, "Nataka kiti cha dereva," muuzaji atakupa kiti cha dereva, tena atakuapia kwamba ni cha modeli yako. Kama kimetoka kwenye gari la volani kushoto, hicho ni kiti cha kushoto. Ukikifunga upande wa kulia, mkono wa kulazia utakuwa umebanwa kwenye breki ya mkono, kifungio cha mkanda kitatokea mlangoni, na mfuko wa hewa wa ubavuni, kama upo, utaelekea kwa abiria. Nilifanya kosa hilo. Nilikibeba kutoka soko moja hadi nyumbani juu ya gari la jirani, nikakirudisha siku hiyohiyo, nikala hasara ya usafiri mara mbili na kicheko cha bure.

Sema "kiti cha kulia". Basi. Kiti cha kulia cha gari la volani kushoto ni cha abiria: mkono wake uko upande wa mlango, kifungio kiko katikati, kama unavyotaka. Tena abiria hukaa mara chache kuliko dereva, kwa hiyo mara nyingi sponji yake bado iko hai. Hasara ni kwamba viti vya abiria kwa kawaida havina mkono wa kupandisha na kushusha urefu. Kama wewe ni mfupi, kaa juu yake pale pale yadini uone kama macho yanavuka volani.

Usiende bila utepe wa kupimia. Pima umbali kati ya matundu ya boliti, mbele kwa nyuma na kulia kwa kushoto, ulinganishe na sakafu yako. Modeli moja iliyouzwa katika masoko mawili yaweza kutofautiana. Angalia plagi zilizo chini, idadi na rangi. Kisha geuza kiti. Springi na reli zikiwa na kutu ya kahawia kila mahali, au tope kavu kwenye pembe za fremu, kiti hicho kimetoka kwenye gari lililozama majini. Ukaguzi huohuo utumie siku unapokwenda kununua gari lenyewe: vuta mkanda wote hadi mwisho, utafute mstari wa maji uliochora kitambaa chake. Kapeti huoshwa na kiti hufutwa, lakini mkanda ni wachache wanaoukumbuka.

Kung'oa na kurudisha

Kama kiti ni cha umeme, kisogeze kwanza, maana ukishafungua betri hakitasogea. Boliti za mbele hufikiwa kiti kikiwa nyuma, za nyuma kikiwa mbele. Kisha zima gari, toa ufunguo, fungua waya wa hasi wa betri, na subiri. Toyota wanaagiza sekunde 90 kabla ya kugusa waya wowote wa mfuko wa hewa, kwa kuwa kompyuta yake hubaki na chaji ya akiba. Mimi huenda kunywa maji, nikirudi dakika tano zimepita.

Wakati wa kurudisha, anza boliti zote nne kwa vidole. Zote. Ikiwa moja haiingii kwa vidole, kiti hakijakaa mahali pake, na spana haitakisaidia. Kwenye Toyota ndogo nyingi kipimo cha kukaza ni karibu Nm 37. Bila spana ya kupimia, hiyo ni nguvu ya mkono mmoja kwenye mpini wa kawaida, pasipo kuruka juu yake.

Taa ya mfuko wa hewa inawaka

Ukiwasha swichi, taa hii inapaswa kuwaka sekunde sita hivi, kisha izime. Ikibaki, mfumo umeona kasoro. Isipowaka kabisa, shuku zaidi: kuna mtu aliyeichomoa balbu au kuibandika kitu cheusi ili akuuzie gari. Gari langu lilikuwa la aina ya tatu, iliyo katikati ya hizo mbili: taa iliwaka na kuzima ilipotaka. Iliwaka nikimbeba abiria mzito nyuma, ikazima Jumapili.

Sababu ya kwanza ni ile plagi ya njano ya chini ya kiti, inayounganisha waya wa mfuko wa hewa. Kila unaposogeza kiti, waya wake unavutwa. Mtoto akisukuma mfuko wa shule chini ya kiti, unavutwa tena. Maji yakiingia, pini zinashika ukungu wa kijani. Betri ikiwa imefunguliwa na muda umepita, fungua plagi, safisha kwa dawa ya kusafishia pini za umeme, ifunge mpaka usikie klik, kisha ufunge waya kwenye fremu mahali ambapo hautavutwa. Kwangu ilikuwa hiyo tu.

Usipime waya huo kwa mita ya umeme. Mkondo mdogo wa mita unaweza kulipua mfuko, na uso wako utakuwa karibu.

Ikiwa plagi ni safi na taa bado ipo, soma msimbo badala ya kubahatisha. Kwenye Toyota nyingi za mwanzoni mwa miaka ya 2000 huhitaji mashine. Chini ya volani kuna tundu la pini 16. Unganisha pini ya 4 na ya 13 kwa kipande cha waya, washa swichi bila kuwasha injini, taa itaanza kupepesa: kupepesa kwa mfululizo ulio sawa maana yake hakuna kasoro iliyohifadhiwa, kupepesa kwa makundi ni namba, kundi la kwanza ni tarakimu ya kwanza, la pili ni ya pili. Hesabu pini mara mbili, kwani ya 16 ina moto wa betri wakati wote, na ukiiunganisha na ya 4 utaunguza kitu.

Sasa, garaji moja nilikokwenda kabla ya kujua haya, kijana aliniambia kwa upole kabisa, "Papa, ile taa tutaitosha tu, hakuna shida," yaani wataiondoa. Alikuwa na rizista ndogo mfukoni, ya kuweka badala ya mfuko ili kompyuta idanganyike. Taa huzima kweli. Na mfuko hautafunguka. Kama kiti ulichonunua hakina mfuko na gari lako linautaka, tafuta kiti chenye nao.

Mkanda haurudi, au hautoki

Haurudi: karibu kila mara ni uchafu. Jasho na vumbi jekundu hugeuka gundi pale mkanda unapopita kwenye tundu la chuma begani. Uvute wote, ubane kwa kibanio cha nguo usirudi, uoshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni laini, futa lile tundu, uache ukauke kutwa nzima ukiwa nje. Usitumie dawa ya kung'arishia nguo, inaua nyuzi.

Hautoki: kwanza tazama gari limeegeshwaje. Ndani ya kizungushio mna kipimo cha mteremko, na gari likiwa limeinama sana mkanda hujifunga kwa haki yake. Kwenye uwanja tambarare ukiendelea kukataa, na kifungio kimeshuka chini kuliko cha mwenzake huku ala yake imekunjamana kama akodioni, basi baruti ya kukaza mkanda ilishalipuka. Gari liligonga, hata kama aliyekuuzia alisema ni la mwanamke mmoja aliyekuwa akienda nalo kanisani. Badilisha seti nzima.

Kapeti imelowa, ndani kunanuka

Gusa maji, uyanuse. Yakiwa na utelezi na harufu tamu, na kioo kinafuka ukungu ukiwasha joto, ni maji ya rejeta yanayovuja kwenye kipashio cha ndani. Yakiwa maji safi na yanaonekana siku unapotumia kiyoyozi tu, bomba la kutolea maji ya kiyoyozi limeziba. Lizibue kutoka chini ya gari.

Yakija na mvua, anza chini ya wepa. Mimi naegesha chini ya mjakaranda. Maua yake ya zambarau ni uzuri wa mji huu kabla ya mvua, kisha yanaoza kwenye mifereji ya chini ya kioo cha mbele, na mvua ya kwanza ya Novemba ikipiga, maji yanakosa njia na kuingia miguuni. Toa plastiki ya wepa, zoa uozo, mwaga ndoo ya maji uone yanatokea wapi. Ikiwa hapo ni pasafi, fungua kadi ya mlango, ule ubao wa ndani unaoufunika. Waliotengeneza kioo chako cha mlango huenda walichana ile nailoni ya ndani na hawakuirudisha.

Kapeti inyanyue, usiianike juujuu. Chini yake kuna sponji inayohifadhi maji wiki nyingi, na plagi ya njano inaogelea jirani.

Nimerudisha betri, sasa kuna vituko vipya

Usiogope, hivi umevileta mwenyewe. Injini ikitetemeka au ikipanda na kushuka bila wewe kukanyaga mafuta, kompyuta imesahau mazoea yake. Iache iungurume dakika kumi, kisha endesha kawaida. Kioo cha otomatiki kisichomaliza safari, kipandishe hadi juu na ushikilie swichi sekunde chache. Redio yenye ramani ya Japani ikiomba diski au namba ya kufungulia, hapo umenasa, na ni vizuri kujua kabla ya kufungua betri. Mara nyingi ni nafuu kuweka redio nyingine, hasa kwa kuwa FM ya Japani ya miaka hiyo huishia 90, na stesheni nyingi za huku ziko juu ya hapo.

Taa za mbele za gari la volani kulia huinua mwanga upande wa kushoto, ndiko wanakotoka wenzako hapa kwetu. Kuzishusha tu kunakunyima barabara. Tafuta taa za gari la volani kushoto la modeli hiyohiyo. Yadi ile iliyokuuzia kiti huenda inazo.

Mwisho, sauti ya mwanamke anayesema Kijapani kila asubuhi ukiwasha gari. Si kompyuta ya injini wala si onyo la ajali. Ni kidude cha kulipia barabara za Japani, kinalalamika kwamba hakina kadi. Kimefichwa kwenye droo ya abiria au chini ya dashibodi, kina ukubwa wa pakiti ya sigara, na kinazimika kwa kuchomoa plagi yake. Nilipokichomoa, binti yangu wa miaka sita aliuliza kwa nini gari limenuna.